Ini jipya, panya wa mtaani na kipimo kilichosema hakuna kitu

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea Hong Kong kati ya mwaka 2017 na 2018, kikaelezwa katika jarida la kitabibu na kutangazwa hadharani na watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong. Ndicho kisa cha kwanza kuthibitishwa cha binadamu kuugua kutokana na kirusi cha homa ya ini E ambacho makazi yake ni panya. Jina la mgonjwa, mtaa aliokuwa akiishi na alama nyingine za kumtambulisha zimeachwa, na humu ataitwa mgonjwa tu. Nimekichagua kwa sababu ya jambo moja ambalo anayefanya kazi wodini au maabara hukutana nalo mara nyingi kuliko anavyokiri: vipimo viwili vya mgonjwa mmoja vinapingana, na mtu inambidi aamue kama atakiamini kile kinachomrahisishia kazi au kile kinachomsumbua.

Usuli: kirusi na jamaa zake

Homa ya ini E haitajwi sana. Homa ya ini B na C zinajulikana kwa sababu ya damu, kujamiiana na saratani ya ini, na A kwa sababu ya watoto na maji machafu, lakini E ilichelewa hata kupewa jina. Mapema miaka ya 1980 mtaalamu wa virusi wa Kisovieti, Mikhail Balayan, alikunywa mchanganyiko uliotengenezwa kwa kinyesi cha wagonjwa wa manjano waliotoka Afghanistan, akaugua, kisha akakiona kirusi katika kinyesi chake mwenyewe kwa hadubini ya elektroni. Kamati ya maadili ya leo isingempa kibali hata cha kuandaa kikombe.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu milioni 20 huambukizwa kirusi hiki kila mwaka. Kundi la kwanza na la pili la jeni zake huishi kwa binadamu peke yake na hupitia maji yaliyochanganyika na kinyesi. Haya ndiyo makundi tunayoyajua Afrika Mashariki. Mlipuko ulioanza Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2007 uliwagusa watu zaidi ya 10,000. Mwaka 2012 kambi za Dadaab nchini Kenya zilipata wa kwao. Na huko Bentiu, Sudan Kusini, chanjo ya homa ya ini E ilitumika mwaka 2022 kwa mara ya kwanza kupambana na mlipuko. Katika milipuko ya namna hii wajawazito ndio hufa zaidi, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kwa hiyo mganga wa upande huu akisikia homa ya ini E, akili yake hukimbilia kisima na choo. Haiendi kwa mnyama.

Wanyama nao wamo. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waligundua kirusi cha jamii hiyo kwa nguruwe, na baadaye ikafahamika kuwa kundi la tatu na la nne hupita kutoka kwa nguruwe, nguruwe pori na paa kwenda kwa mtu, hasa kwa nyama isiyoiva. Huko Japani, mwaka 2003, watu waliokula nyama mbichi ya paa waliugua, na kirusi kilichokutwa katika mabaki ya nyama yaliyokuwa kwenye friza kililingana na kile kilichokuwa katika damu yao. Mwaka 2016 kiliripotiwa kisa cha mgonjwa wa Falme za Kiarabu, naye akiwa amepandikizwa ini, aliyekutwa na kirusi cha kundi la saba, ambalo huishi kwa ngamia. Alikuwa na mazoea ya kula nyama ya ngamia na kunywa maziwa yake. Dalili za maambukizi ya kirusi hicho zimeonekana pia kwa ngamia wa Afrika Mashariki, jambo linalostahili kuwekwa akilini na kila anayeishi Garissa au Dubai.

Panya walihesabiwa kando. Kirusi chao kilielezwa Ujerumani mwaka 2010, kisha kikaonekana kwa panya wa Vietnam, Uchina, Marekani na kwingineko. Jeni zake zinatofautiana mno na zile za virusi vilivyozoeleka kwa binadamu: ukizilaza sambamba herufi zake zipatazo 7,000, zinazolingana ni kama nusu tu na ushei. Kirusi kilichotolewa kwa panya wa Los Angeles kilipojaribiwa kwa kima wa maabara, hakikuwaambukiza. Kutokana na hayo mawili, tofauti ya jeni na kima waliobaki wazima, ilizoeleka kuaminiwa kuwa hiki ni kirusi cha panya na kitabaki kwa panya. Imani hiyo haikuwa ya kijinga, ila ilikuwa inasubiri mtu ambaye mwili wake hauna ulinzi wa kawaida.

Usuli: mgonjwa

Mgonjwa alikuwa mwanamume mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, aliyeishi kwa muda mrefu na homa ya ini B hadi ikamletea saratani ya ini. Mei 2017 alipandikizwa ini la mtu aliyefariki. Kama ilivyo kwa kila aliyepandikizwa kiungo, alianzishiwa dawa za kushusha kinga, kwa kuwa mwili usiposhushiwa kinga huliona ini jipya kama mgeni na kulishambulia. Dawa hizo humwokolea mgonjwa ini lake na papo hapo humwacha wazi kwa vijidudu ambavyo mtu mzima wa afya angevimaliza bila hata kujua kuwa vimempitia.

Alikuwa akiishi katika majengo ya ghorofa ya makazi ya umma. Nje ya makazi hayo kulikuwa na dalili za panya, kikiwemo kinyesi chao, karibu na mahali pa kukusanyia taka. Maelezo haya yanaonekana madogo, na wakati anapandikizwa ini hayakuwa na maana yoyote kwa mtu yeyote. Hakuna fomu ya kumlaza mgonjwa inayouliza kama kwake kuna panya.

Mfuatano wa matukio

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Takribani miezi miwili baada ya upasuaji, vipimo vya kawaida vya damu vilianza kuonyesha kuwa vimeng'enya vya ini vimepanda, dalili kwamba ini linaumia. Kupanda kwenyewe hakukuwa kwa kutisha, na pengine hapo ndipo ulipokuwa mtego wake. Kwa mtu aliyepandikizwa ini kupanda kwa namna hiyo ni jambo la kila wiki katika kliniki, na orodha ya washukiwa inajulikana kwa moyo: mwili umeanza kulikataa ini, mirija ya nyongo imeziba au kubana, dawa inaliumiza ini, kirusi cha B kimerudi, au kuna kirusi nyemelezi kama sitomegalo. Kila mshukiwa ana kipimo chake, na kila kipimo kinachorudi salama humsogeza daktari hatua moja kuelekea kwenye jibu linalobaki mwishoni mwa orodha.

Homa ya ini E nayo ilipimwa, na hapa ndipo mkanganyiko ulipoanza. Damu ya mgonjwa ilionyesha kuwa mwili wake unaitikia kirusi cha homa ya ini E, yaani kingamwili zilikuwepo. Kipimo cha PCR, ambacho hutafuta kirusi chenyewe badala ya alama za mwili kupambana nacho, kilirudi bila kitu. Vimeng'enya vikaendelea kubaki juu.

Inafaa kusimama hapa na kuangalia kinachofanyika ndani ya vipimo hivi viwili, kwa sababu kisa chote kimefungwa katika tofauti yao. Kipimo cha kingamwili hufanyika katika kisahani chenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo kumepakwa kipande cha protini ya kirusi. Damu ya mgonjwa ikiwa na kingamwili zinazoitambua protini ile zitaing'ang'ania, na mwisho wa kazi maji ya kishimo kile yatageuka rangi kuwa manjano. Kingamwili si mkali sana wa kuchagua. Protini za virusi vya jamii moja zikifanana sura, kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya mmoja inaweza kumshika ndugu yake.

PCR ina tabia nyingine kabisa. Inategemea praima, yaani vipande vifupi vya jeni vilivyotengenezwa maabara ili vishikane na sehemu maalumu ya jeni za kirusi, herufi kwa herufi. Ni kama chambo. Mvuvi aliyetia chambo cha changu akikaa siku nzima bila kunasa kitu hawezi kusema kwamba bahari haina samaki. Anachoweza kusema ni kwamba changu hakuuma. Praima zilizotumika zilitengenezwa kwa ajili ya makundi ya kirusi yanayojulikana kuwapata binadamu. Herufi za kirusi cha panya ziko mbali nazo kiasi kwamba zilikipita bila kukigusa, na mashine ikaandika matokeo yaleyale ambayo ingeyaandika kama damu ingekuwa safi.

Timu ya watafiti, wakiwemo Siddharth Sridhar na Yuen Kwok-Yung, iliamua kubuni upya kipimo kwa praima za upeo mpana zaidi, zinazolenga sehemu ya jeni ambayo haibadiliki sana katika ukoo mzima wa virusi hivi. Safari hii kirusi kilinaswa. Waliposoma mpangilio wa jeni zake zote, walikuta unalingana kwa asilimia 93.7 na kirusi cha panya kilichowahi kusomwa Vietnam.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio ulioamua kila kitu kilichofuata, ulikuwa wa kukataa kufunga faili. Njia rahisi ilikuwa wazi: kingamwili ni za maambukizi ya zamani, PCR haina kitu, basi homa ya ini E inafutwa kwenye orodha na tunarudi kwenye dawa au kwenye ini kukataliwa. Maelezo hayo yangekubalika kwenye kikao chochote cha asubuhi. Lakini ini la mgonjwa lilikuwa linaendelea kuumia, na hakuna mshukiwa mwingine aliyetosha kuubeba mzigo huo. Waliuliza swali lililogeuza mambo: je, inawezekana vipimo vyote viwili vinasema kweli? Kama kingamwili ni za kweli na PCR nayo ni ya kweli, basi lililobaki ni kirusi kinachofanana vya kutosha na E ili kigeuze rangi ya kishimo, lakini kisichofanana nayo vya kutosha ili kishikwe na praima.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kutoridhika na kukiona kirusi katika damu. Kirusi kinaweza kuwa abiria tu, kipo mwilini na hakina kosa. Sampuli nyingine za mgonjwa zilipimwa, na nyama ya ini ilichunguzwa kwa rangi maalumu inayoonyesha protini za kirusi zilipo. Zilikutwa ndani ya ini lenyewe. Pasipo hatua hiyo, mtu mwenye shaka angeweza kusema kwa haki kwamba kimeonekana kirusi cha panya kwa mtu, ila bado haijaonyeshwa kuwa ndicho kinachomuumiza.

Uamuzi wa tatu ulihusu tiba, na hapa madaktari walitembea gizani kidogo. Kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo wenye homa ya ini E sugu ya kundi la tatu, hatua ya kwanza inayojulikana ni kupunguza dawa za kushusha kinga, na takribani theluthi moja yao hukisafisha kirusi kwa hatua hiyo peke yake. Wanaobaki hupewa ribavirini, dawa ya kupambana na virusi. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja duniani aliyewahi kutibiwa kwa sababu ya kirusi cha panya, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwiga. Walichofanya ni kukopa tiba ya ndugu yake: jamii ni moja na namna ya kuzaliana ni ileile, basi kuna sababu ya kutegemea kuwa dawa itafanya kazi. Ribavirini si dawa ya kuchezea, hupunguza damu na ina madhara makubwa kwa mimba, lakini kumwacha mtu mwenye ini la kupandikizwa aendelee kuungua polepole hadi ini lisinyae kungekuwa na gharama kubwa zaidi.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kutafuta chanzo. Homa ya ini E huchukua wiki mbili hadi kumi tangu kuambukizwa hadi kuonekana, na ukihesabu kurudi nyuma kutoka siku vimeng'enya vilipopanda, unaangukia kipindi kinachozunguka upasuaji wenyewe. Ilibidi kwanza kuuliza kama kirusi kilikuja na ini, au na damu aliyoongezewa. Sampuli zilizohifadhiwa za aliyetoa ini na za waliotoa damu zilipimwa, na hazikuwa na kirusi. Macho yakageukia nyumbani na panya wake.

Matokeo

Mgonjwa alipona. Kirusi kilipungua baada ya kuanza ribavirini hadi kikatoweka, na vipimo vya ini vikarudi katika hali nzuri. Tarehe 28 Septemba 2018 watafiti walikitangaza kisa mbele ya waandishi wa habari, na kazi ya kuua panya na kuziba mianya katika eneo husika ikaongezwa na mamlaka za usafi.

Chanzo hakikupatikana kwa uthibitisho. Katika panya waliochunguzwa alikuwepo wa mtaani mwenye kirusi cha jamii hiyo, lakini mpangilio wa jeni zake ulitofautiana na wa mgonjwa kiasi cha kutoweza kusemwa kuwa ndiye aliyemwambukiza. Dhana iliyobaki, na ambayo hadi leo ndiyo yenye mantiki zaidi, ni kwamba kinyesi au mkojo wa panya ulichafua chakula au kitu alichokishika. Ni dhana nzuri, ila ni dhana.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi hakikuwa mashine. Mashine za PCR zilikuwepo tangu siku ya kwanza na ndizo zilizosema hakuna kitu. Kilichofaa ni kwamba aliyesoma matokeo alijua kipimo chake kimetengenezwa kwa praima zipi na hivyo alijua mpaka wake. Nimeona mara nyingi, katika maabara za kwetu, karatasi ya matokeo ikiandikwa neno moja, «hasi», na neno hilo likasafiri kutoka dirishani hadi wodini likizidi kupata uzito kila linapopita mkononi mwa mtu, hadi linapomfikia mgonjwa limekuwa «huna ugonjwa huo». Fundi wa maabara alichokisema ni kidogo zaidi: kwa kipimo hiki, kwa sampuli hii, siku hii, hatukuona tulichokuwa tunakitafuta.

Cha pili kilichofaa ni friza. Pasipo damu iliyohifadhiwa ya waliotoa ini na damu, suala la chanzo lingeishia kwenye kubahatisha, na pengine aila ya marehemu aliyejitolea ini ingebaki na doa ambalo halikuwa lake. Kuhifadhi sampuli ni kazi isiyo na sifa, inakula umeme na nafasi, na bajeti zikibanwa huwa ya kwanza kukatwa.

Yaliyoshindikana nayo yapo, na mojawapo ni la kibaolojia. Mgonjwa huyu alikuwa na kingamwili za homa ya ini E kabla ya kirusi cha panya kumpata, na hazikumkinga. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana kwa haraka. Lina maana kwamba kuwahi kuugua E ya kawaida si lazima kumlinde mtu dhidi ya hii, na linaleta swali gumu kuhusu chanjo, kwa kuwa chanjo iliyopo ilitengenezwa kwa ajili ya virusi vya binadamu. Kingamwili zilizo karibu vya kutosha kugeuza rangi ya kishimo hazikuwa karibu vya kutosha kukizuia kirusi. Anayedhani kuwa kipimo cha kingamwili kikisema «zipo» basi mtu ana kinga, akisome kisa hiki mara mbili.

Muda nao ulipotea. Kati ya vimeng'enya kupanda katikati ya mwaka 2017 na umma kuambiwa mwishoni mwa Septemba 2018 kuna zaidi ya mwaka. Sehemu ya muda huo ni ya haki, kwa sababu mtu hatangazi tukio la kwanza duniani kwa kipimo kimoja alichokibuni mwenyewe. Hata hivyo, hatua za kuzuia panya hazihitaji jeni zisomwe zote. Panya wanaoacha kinyesi karibu na taka za jengo la makazi ni sababu tosha ya kuchukua hatua hata kama hawajabeba kirusi chochote kipya, na inasikitisha kidogo kwamba ilibidi mtu apandikizwe ini ndipo mwanya ule uzibwe kwa bidii.

Kuna pia hatari ya kukisoma kisa hiki vibaya kwa kusema kwamba kirusi cha panya ni tatizo la waliopandikizwa viungo tu, ambao kwetu ni wachache. Mwaka 2019 kilichapishwa kisa kingine, cha mtu aliyekuwa mzima kabisa, mwenye kinga ya kawaida, aliyerudi Kanada baada ya kufanya kazi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda, akaugua homa kali ya ini iliyosababishwa na kirusi cha panya. Mwaka 2022 Uhispania nayo iliripoti wagonjwa watatu. Kisa cha Kanada kinatuhusu moja kwa moja. Maambukizi yalitokea huku, lakini ugonjwa ulitambuliwa kule kwa sababu kule ndiko alikokutana na maabara iliyokuwa na chambo cha kutosha. Waliobaki huku, waliokula katika nyumba hizohizo na kulala chini ya dari hizohizo, hakuna aliyewapima.

Kisa hiki kikisomewa Afrika Mashariki

Mazingira ya kwetu yanabadilisha maswali. Panya wetu wengi hawako kwenye mitaro ya majengo marefu. Wako ghalani, kwenye magunia ya mahindi, darini juu ya jiko, na kwenye vibanda vya soko ambako unga hupimwa wazi tangu asubuhi. Ujuzi wa panya tunao: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kimewachunguza kwa miongo, na wenyeji wa Lushoto hawahitaji kuelezwa panya anaweza kuleta nini, maana tauni waliiona.

Tunao pia mfano wetu wa orodha ya washukiwa kuishia pasipo jibu. Julai 2022, mkoani Lindi, watu waliugua homa, kichwa na kutokwa damu puani, na baadhi yao walifariki. Hofu ilikimbilia Ebola na Marburg. Vipimo vyote viwili vikarudi hasi. Walioendelea kutafuta waliikuta leptospira, ambayo kwa Kiswahili imejulikana kama homa ya mgunda, ugonjwa unaobebwa katika mkojo wa panya na wanyama wengine na ambao unaweza kumpa mtu manjano kama homa yoyote ya ini. Kwa hiyo mgonjwa wa manjano anayekuja Lindi au Kilosa, mwenye B, C na A hasi, ana sababu mbili za kuulizwa kuhusu panya, na ni nadra kuulizwa hata kwa moja.

Sipendekezi kila kituo cha afya kinunue praima za kirusi cha panya. Hilo lingekuwa ndoto, na fedha zake zingefaa zaidi kwingine. Ninachoona kinawezekana ni kidogo na cha bei nafuu. Katika hospitali za rufaa, sampuli ya mgonjwa wa homa ya ini isiyojulikana chanzo ihifadhiwe badala ya kumwagwa. Pale kingamwili za E na PCR vinapopingana, sampuli hiyo ipelekwe mbele badala ya kupewa maelezo ya haraka. Na daktari anayechukua historia aongeze sentensi moja kuhusu panya nyumbani, ghalani na kazini. Kwa upande wa nyumbani mambo ni yale ambayo mama zetu wamekuwa wakiyafanya bila kuambiwa na mtafiti: kufunika chakula kilicholala, kutoweka unga chini, kupika nyama hadi ndani, kunawa mikono baada ya kufagia stoo, na kulowesha kinyesi cha panya kwa maji yenye dawa kabla ya kukizoa badala ya kukifagia kikavu kikatimka vumbi.

Kuhusu friza, kuna kipande cha mwisho cha kisa cha Hong Kong. Kipimo kipya kilipokuwa tayari, watafiti walianza kupima damu za zamani za wagonjwa wa homa ya ini zilizokuwa zimehifadhiwa. Mnamo Novemba 2018 ikatangazwa kuwa amepatikana mgonjwa wa pili, mwanamke mzee wa wilaya ileile, ambaye hakuwa amepandikizwa kiungo chochote. Alilazwa Mei 2017, mwezi uleule ambao mgonjwa wa kwanza alipata ini lake, akiwa na maumivu ya kichwa, uchovu, tumbo kuuma na kukosa hamu ya kula. Akakaa siku chache wodini, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Jibu la kilichokuwa kinamsumbua lilibaki ndani ya chupa ndogo ya damu yake kwa mwaka mmoja na nusu.